Mwalimu Tofazzal Miyan na Baba wa Kuazima

Marehemu Tofazzal Miyan alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 hapa Kodomtari, mtoto wa pili wa Nosimuddin Miyan na Hamida Bibi. Siku hiyo Kodomtari ilikuwa Pakistani. Alipokuwa na miaka kumi ikawa Bangladeshi, na alipoota mvi ikawa India, na muda wote huo nyumba yao haikusogea hata unyayo mmoja. Kodomtari ilikuwa chhit, yaani kipande cha nchi moja kilichozungukwa pande zote na nchi nyingine. Mipaka mingi duniani hufuata mto, au mgongo wa mlima, au mkono wa mtu aliyekuwa na rula na haraka. Huu wa Kodomtari ulifuata matuta ya mashamba ya mpunga. Bata wa Hamida walilala Bangladeshi na kuogelea India. Wageni walisimama juu ya tuta, wakaangalia huku na huku wakitafuta tofauti ya udongo, wasiione. Lakini tofauti ilikuwapo. Nyaya za umeme zilipita juu ya mapaa ya Kodomtari kwenda kuwasha taa za vijiji vya mbele, na chini yake watu walikula kwa kibatari.

Shule haikuwapo, kwa sababu serikali yao ilikuwa ng'ambo, nyuma ya askari wa nchi nyingine. Kwa hiyo wazazi waliazima. Mtoto akifikia umri wa kusoma, baba yake alivuka tuta akaenda Boroghat kwa rafiki mwenye karatasi za India, akaomba jina. Januari 1967 Nosimuddin alikwenda kwa Kasem Ali, mchuuzi wa tumbaku.

"Ndugu yangu, nakuletea mtoto," alisema. "Chakula nitampa mimi, fimbo nitamchapa mimi. Wewe uwe baba yake kwenye karatasi tu."

Kasem Ali alikubali kabla chai haijamiminwa. Mkewe, Moyna Bibi, akasikika toka jikoni: "Huyu wa nne sasa. Majirani wataniuliza niliwazaa lini, nami sijaugua hata kichefuchefu."

Tofazzal akaandikishwa shuleni Boroghat kuwa mwana wa Kasem Ali. Mwaka wa kwanza, Nosimuddin alimpelekea bisi za mchele na sukari guru vilivyofungwa kwenye kitambaa. Mwalimu akauliza huyo ni nani. Mtoto akamtazama baba yake, akasema, "Ami mmoja, jirani yetu." Nosimuddin akaitikia, "Naam, jirani tu." Jioni, wakirudi kwa njia ya matuta, baba alimwambia, "Umesema vizuri. Siku nyingine usisite, watashtuka." Tangu hapo, kila walipovuka tuta, Tofazzal alimwita baba yake Ami. Wakirudi nyumbani alimwita Abba.

Alimaliza sekondari Dinhata mwaka 1979 na chuo cha ualimu Cooch Behar mwaka 1983, vyeti vyote vikibeba jina la Kasem Ali. Mwaka uliofuata aliajiriwa shule ileile ya Boroghat kufundisha jiografia, na akafundisha kwa miaka thelathini na mmoja. Waliopita mikononi mwake wanajua jinsi alivyosimama mbele ya ramani ya dunia kama mtu aliyeingia msikitini. Alisema mlima huchukua umri usiohesabika kuinuka, lakini mpaka huzaliwa mchana mmoja mezani, na watu huuogopa kuliko mlima. Jambo hilo lilimshangaza mpaka mwisho, na hakuona aibu kushangaa mbele ya wanafunzi.

Siku moja aliwaeleza kwamba dola inataka vitu vinne: ardhi, watu, serikali, na dola nyingine zikubali kuwa ipo. Rabeya, msichana wa Kodomtari aliyekuwa naye na baba wa kuazima, akanyoosha mkono. "Mwalimu, sisi tuna vingapi?"

"Viwili," akajibu. "Vingine viko njiani."

Darasa zima lilicheka. Yeye alibaki ameitazama ramani.

Tarehe 14 Februari 1986 alimwoa Sokhina Khatun wa Boroghat. Shangazi yake bibi harusi hakuridhika. "Mwanangu, huko unakokwenda hakuna polisi. Mume akikupiga utamshtaki wapi?"

Sokhina akasema, "Kwa mama mkwe. Nimeshauona ufagio wake."

Wakavuka tuta kwa miguu, na bibi harusi akawa ameolewa nchi ya nje kabla viatu vyake havijachafuka.

Kasem Ali alifariki mwaka 1998. Tofazzal alibeba jeneza lake pamoja na wanawe wa damu, akalia kama wao, na hakuna aliyemwona mgeni.

Julai 2015, nchi mbili zilipokubaliana kubadilishana vipande hivi, maofisa walikuja kuandika wakazi. Meza iliwekwa uani kwa Nosimuddin, mwenyewe akikaa pembeni kwenye kitanda cha kamba. Kila mtu pale alijua uzito wa swali. Tofazzal akimtaja Kasem Ali, kazi yake ingebaki salama, lakini mzee angeingia kwenye kitabu cha nchi yake ya kwanza ya kweli akiwa hana mwana huyu. Akimtaja Nosimuddin, vyeti vyake vingekuwa vya mtu mwingine.

"Baba, sema Kasem," mwanawe Ashraful alimnong'oneza. "Umebakiza miaka sita tu ustaafu."

Nosimuddin alisikia. "Mwache aseme hivyo," alisema. "Mimi nimezoea."

Ofisa akauliza, "Jina la baba?"

"Nosimuddin Miyan," Tofazzal akajibu. "Huyu hapa. Abba, mwonyeshe uso wako."

Mwaka uliofuata mshahara ulisimamishwa, majina yakichunguzwa. Uchunguzi haujaisha hadi leo, na pensheni haikuja. Alifundisha nyumbani, chini ya paa la bati, kwa yeyote aliyekuja na daftari. Nosimuddin alifariki mwaka 2017, na tangazo la mazishi likasema wazi wanawe ni nani.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alipolazwa Cooch Behar Novemba hii, nesi alimuuliza jina la baba. Akajibu. Kisha akasema, "Binti yangu, naomba uniulize tena."

"Si umeshanijibu, mzee?"

"Nimejibu. Wewe uliza tu."

Nesi akacheka, akauliza. Tofazzal akalitamka jina polepole, neno kwa neno, na binti yake Shirin, aliyekuwa ameshika chupa ya maji, alilazimika kugeukia dirishani. Alifariki katika hospitali hiyo tarehe 17 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Ameacha mjane, Sokhina, watoto wawili, Ashraful na Shirin, wajukuu watano, dada yake, Rokeya, na wana wa Kasem Ali, Lutfor na Hasmot, ndugu zake wa karatasi, ambao leo asubuhi wamekuja na majembe bila kuitwa na kumchimbia kaburi kando ya Nosimuddin.

Tofazzal, mwana wa Nosimuddin, apumzike kwa amani pale baba yake alipo.