Namba Moja wa Mashine ya Sakafu

Basi lilikuwa halijafika hata kituo cha pili, na fundi cherehani alikuwa ameshajua kwamba kijana aliyeketi kando yake ni wa pili kwenye mashine ya kucheza dansi, ile yenye sakafu ya taa, pale ukumbi wa michezo. Hakumuuliza. Mwenye sifa zake hangoji kuulizwa.

"Ile mashine nyingine, ya kamera, ni ya watoto," kijana aliendelea. "Unapunga mikono tu, alama zinamiminika. Sakafu haidanganyiki. Ukichelewa kukanyaga, imekula kwako."

"Sakafu inajua miguu tu, mwanangu," fundi alisema. " Mtu anasimama kama mlingoti, anapata alama zote. Kamera inadai mpaka mabega. Huko ndiko kucheza."

"Basi humjui namba moja wetu, mama. Anajiita Pedali. Anakuja asubuhi, ukumbi mtupu, hatujawahi kumwona. Miezi minne namfukuzia, wapi."

Fundi aliitazama miguu yake. Ilikuwa imekanyaga pedali ya cherehani miaka thelathini, na asubuhi ile, kabla ya kufungua kibanda, ilikuwa imekanyaga kitu kingine.

"Huyo naye anakanyaga tu," alisema. "Mpeleke kwenye kamera, atashika mkia."

Alijua anachosema, alikuwa ameushika mara sita.

Kijana alikunja uso. "Mama, nakuheshimu, lakini Pedali usimguse. Ukimtukana yeye umenitukana mimi."

Basi lilisimama. Fundi aliteremka akiubana mdomo usicheke. Tangu azaliwe hakuwahi kutetewa kwa ukali namna ile, tena dhidi ya ulimi wake mwenyewe.