Lundo la Nyuma ya Jiko

Kaeni. Yahya, zima hiyo simu. Firdausi, acha kunipangusa uso kama sahani. Zubeda, sogea hapa karibu, wala usimwangalie anayekukunjia uso, kwa sababu nyumba hii ya hapa Sofu ni yangu mpaka pumzi ikatike, na aliyekuita ni mimi. Sikilizeni nyote, na jirani zetu wawili hapo mlangoni wawe mashahidi, maana nguvu ninazo chache na sitarudia.

Nyumba na kiwanja mtagawana ninyi watoto wangu wawili kama dini ilivyopanga, na sina la kuongeza wala kupunguza hapo. Lakini dini hiyohiyo imeniachia theluthi niitoe kwa asiye mrithi, na hiyo ndiyo inayowatoa jasho tangu mlipomwona Zubeda anaingia. Ngojeni. Kwanza mtasikia sababu.

Baba yenu Mwinyimadi aliponileta hapa, ua huu ulikuwa kifusi kitupu, mchicha ukichipua unanyauka kabla haujafika kwenye kifundo cha mguu. Mama yangu Mwanaamina akaja kutoka Kisarawe kuniona, akautazama ua, akacheka: "Mwanangu, umeolewa jangwani." Kisha akanionyesha alivyokuwa akifanya kwake, tabaka la majani makavu, juu yake maganda na mabaki ya jikoni, samadi ya kuku kidogo, maji ya kulowesha tu, unafunika kwa makuti, na kila likipata moto unaligeuza, mpaka siku linapopoa lenyewe na limekuwa mboji nyeusi yenye harufu ya mvua. Hakuna uchawi hapo. Ni kazi ya mtu mwenye mikono na subira, ndiyo maana ninyi imewashinda.

Maana mmefanya nini? Firdausi, msomi wangu, ulitupa pampasi za mtoto kwenye lundo langu, eti vyote ni uchafu. Nimezitoa mwenyewe kwa kijiti, na magoti haya, huku wewe umekaa barazani unatazama kwenye simu namna watu wa Ulaya wanavyopanda matango kwenye makopo. Na wewe Yahya, kila Jumamosi unafagia majani ya mfenesi, unayakusanya vizuri mpaka moyo wangu unafurahi, halafu unayatia kiberiti. Nguo za jirani zinanuka moshi, wewe umesimama mikono kiunoni kama mtu aliyemaliza kazi. Kisha unaniuliza bila haya kwa nini mchicha wa mwaka huu haustawi.

Hayo ningeyameza. La Kisarawe sitalimeza. Nilipolazwa, Yahya, ulikuja kitandani ukaniambia, "Mama, nimepata watu wa kusafisha shamba la bibi." Nikakuombea dua, mjinga mimi. Kumbe uliwauzia wenye malori udongo wa juu, ule mweusi ambao bibi yako aliulisha maisha yake yote, wakaukwangua wakaacha changarawe. Halafu, kwa kuwa ulitaka vyungu vya maua vya kuwaonyesha wenzako wa ofisini, ukaenda kununua viroba vya udongo kwenye kitalu cha miche pale barabarani, ukaniletea konzi nzima umevimba kichwa: "Mama, shika. Huu ndio udongo, si yale mauchafu yako."

Nikashika. Nikavunja bonge, nikakuta ganda la korosho lililoungua, na jingine, na jingine. Nikaomba kiroba chote, nikakichambua kwa vidole, mpaka nikapata kipande cha chetezo cha mama yangu cha kufukizia udi, chenye mistari aliyoichora mwenyewe kabla hakijachomwa. Kilipovunjika alikitupa kwenye lundo lake mimi nikitazama, palepale alipokuwa akimwaga maganda kila akikaanga korosho. Ulimuuza bibi yako kwa lori, Yahya, ukamnunua kwa kiroba, na hukumjua. Nilipokwambia ulicheka: "Mama naye! Udongo ni udongo." Toka siku hiyo nakuita kwa jina lako tu, mwanangu sikuiti. Kama hukuona, si ajabu, ni kawaida yako kutoona.

Zubeda simsifu. Mdomo wake mnaujua, na ulipomwacha, Yahya, nusu ya mtaa ilisikia sababu zako na zake. Alipoolewa hapa alilicheka lundo: "Mama, jalala unalilea kama mjukuu, mbona hulivishi kofia?" Lakini siku nilipoanguka ndiye aliyerudi bila kuitwa, akashika chepe, akaligeuza huku anatukana minyoo yote, na kesho yake akarudi kuona kama limepata moto. Kilichomleta ni ubishi. Mimi ubishi naupokea. Basi kipande cha nyuma ya jiko, kuanzia lundo mpaka ukutani, ambacho hakifiki hata theluthi, ni chake. Najua umeshaita mafundi wa pevingi waufunike ua wote kwa matofali, Yahya. Waambie waishie mlango wa jiko.

Mnizike Kisarawe, ubavuni kwa mama. Mtachimba kwa taabu, mmejitakia, na Yahya ndiye atakayetangulia kushika sururu. Mboji ikiiva, mkaitandaze pale palipokwanguliwa, ikiiva nyingine mpeleke tena, mpaka paote kitu. Na vile vyungu, mkavimwage hukohuko. Kipande cha chetezo kiko chini ya mto... kirudi kwao.

Maji, Firdausi. Kidogo. Basi.

Mungu awape mikono... awape na haya. Awaweke pamoja. Firdausi, radhi yangu unayo. Zubeda, unayo, na mdomo wako. Yahya... nenda kwanza uani. Ingiza mkono kwenye lundo, mpaka kwenye kiwiko. Nenda.

Anakwenda, Zubeda? Na shati lake jeupe... Mwache, asikunje mikono.

Lina moto, Yahya? Sema kwa nguvu, mimi miguu... siisikii tena. Lina moto?

Basi ligeuze, mwanangu.