Bi. Ghati Nyamhanga, Aliyeziunganisha Ndege za Kibondo

Baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, Bi. Ghati Nyamhanga, Meneja wa vituo vya Kibondo na Kasulu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Wafanyakazi wa Magharibi Air tunamuaga huku tukitamba, na tunayo haki ya kutamba. Kampuni hii isingekuwapo kama Bi. Ghati asingevuka chumba cha abiria, siku moja ya mvua, akaenda kuzungumza na mshindani wake.

Ni mzaliwa wa Tarime. Alifika Kibondo mwaka 1997 akiwa karani wa tiketi wa Malagarasi Air, kampuni changa iliyokuwa na ndege moja ya viti kumi na viwili. Alipanga kukaa mwaka mmoja tu. Wenyeji walimpokea kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye!", na makofi ya heshima, naye akaitikia kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa kiwanja. Wengine walidhani anagomba. Kiha alikijua haraka, ila sauti haikupungua: alipaza kwa Kiha vilevile. Aliuza tiketi, akapima mizigo, na kabla ndege haijatua alikuwa akikimbia kwenye changarawe kuwafukuza mbuzi. Wenye mbuzi wanasema hadi leo mnyama akisikia "Haya, tokeni!" ya Bi. Ghati hangoji ya pili.

Mambo yalibadilika kampuni ya pili, Heru Air, ilipoingia. Meza yao iliwekwa upande wa pili wa chumba kilekile cha abiria, na msimamizi wao alikuwa Bw. Japhet Ntabaye, mtu wa Kasulu, mpole wa maneno lakini mkali wa biashara. Kampuni zote mbili zilirusha ndege kwenda Mwanza siku ya Jumanne. Heru walipoweka kijana njia panda kuwavuta abiria, Malagarasi waliweka chai ya bure. Heru wakaongeza maandazi. Mimi niliyeandika wasifu huu nilikuwa karani wa Heru, na naweza kuthibitisha kwamba abiria wengi walikunywa chai kwa Bi. Ghati, wakala maandazi kwetu, kisha wakapanda basi. Ndege zote mbili ziliondoka nusu tupu.

Aprili 2014 ndege ya Malagarasi ilipata hitilafu ikiwa Mwanza na haikuja. Miongoni mwa waliokuwa wakiisubiri ni Mwalimu Stumai wa Kitahana, aliyembeba mwanawe mgongoni. Mtoto alikuwa na tatizo la moyo, na madaktari bingwa waliokuja Mwanza kufanya upasuaji walikuwa wakimngojea kesho yake. Barabara ilikuwa tope tupu, mabasi yamekwama tangu juzi. Ndege ya Heru ilikuwa imeshatua na viti vipo, lakini kampuni zote mbili zilikataza kabisa kupeana abiria. Bi. Ghati alisimama, akavuka chumba.

"Japhet, una viti?"

"Ninavyo, dada. Lakini hao ni abiria wako."

"Nikikupa watakuwa wako. Wapandishe."

"Na makao makuu wakiniuliza?"

"Waambie Ghati ndiye aliyekuomba. Wakitaka kufukuza mtu, waanze na mimi."

Bw. Japhet alimtazama yule mtoto, akachukua mizani, akaanza kupima mizigo. Mwalimu Stumai alifika Mwanza jioni ileile, mtoto akafanyiwa upasuaji, akapona.

Simu zilipigwa kutoka makao makuu ya pande zote mbili, na kwa siku kadhaa hatukujua nani angebaki kazini. Bi. Ghati hakuomba radhi. Alichowaambia wakubwa wake ni kwamba ndege mbili zinazogombania abiria wa Jumanne zitakufa zote mbili, na abiria wa Ijumaa hana ndege hata moja. Maneno hayo yaliwakaa akilini. Miezi michache baadaye kampuni hizo zilitia saini makubaliano ya kuuziana viti: Malagarasi ikabaki na Jumanne, Heru ikahamia Ijumaa, na tiketi ya mmoja ikawa halali kwa mwenzake. Chai na maandazi vikawekwa meza moja. Ndege zikaanza kujaa.

Kutoka kushirikiana hadi kuungana haikuwa safari ndefu, ila ilikuwa na makorongo. Mwaka 2021 Malagarasi na Heru zikawa kampuni moja, Magharibi Air. Vituo viwili, cha Kibondo na cha Kasulu, vilihitaji meneja mmoja, na bodi ikamteua Bi. Ghati. Bw. Japhet aliandika barua ya kuacha kazi, akarudi kwao Kasulu. Sisi tuliotoka Heru tulikataa hata kuvaa sare mpya. Bi. Ghati hakututisha wala kutubembeleza. Alipanda basi, akamfuata Japhet nyumbani, akamkuta akipalilia kahawa.

"Dada, nimekuwa msimamizi miaka yote hii," Japhet alimwambia. "Leo nije nikushikie mizani?"

"Mizani nashika mwenyewe. Watu wa Kasulu wakiniona mimi peke yangu, watasema Malagarasi imewameza. Wakikuona wewe, watasema tumeungana. Nataka kituo cha Kasulu ukiongoze wewe."

Japhet aliendelea kupalilia, na Bi. Ghati akaokota jembe lililokuwa kando, akaingia mstari wa pili. Walipofika mwisho wa shamba walikuwa wanacheka. Jumatatu iliyofuata Bw. Japhet aliripoti kazini akiwa na sare mpya. Nasi tukavaa.

Hatujapumua vizuri, bodi ikaona kituo kimoja kinatosha: Kasulu ibaki, Kibondo ifungwe. Mkurugenzi Mkuu, Bi. Shadia Mbaruku, alikuja mwenyewe kutueleza. Bi. Ghati alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mkurugenzi, nipe kiangazi kimoja." Akapewa.

Kiangazi hicho hakukaa ofisini. Alimwendea Mzee Nurudini, mwenye mabasi ya Manyovu, Kasulu na Kibondo, ambaye kwa miaka mingi alituona sisi wa ndege kama wezi wa abiria wake. Mzee alimkatalia mara ya kwanza, akamkatalia tena mara ya pili. Mara ya tatu alisema, "Wewe mama huchoki?" na Bi. Ghati akajibu kwamba bado hajaanza. Wakakubaliana tiketi moja ya basi na ndege. Siku ambayo ndege haitui Kasulu, basi linawaleta abiria Kibondo. Siku ambayo haitui Kibondo, linawapeleka Kasulu. Wafanyabiashara wa Manyovu waliipokea haraka kuliko tulivyotarajia. Walimu, wauguzi na maofisa waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine wakaanza kwenda kwao likizo bila kupoteza siku njiani.

Mwezi Oktoba Bi. Shadia alirudi kutoa uamuzi. Alikagua kituo asubuhi, akazungumza na abiria, na ndege ilipotua akaenda kaunta achukue kiti cha kurudi Mwanza. Kiti hakikuwapo. Ofisa mmoja aliyefuatana naye alinong'ona kwamba abiria mmoja angeweza kuombwa ashuke.

"Hashuki mtu," alisema Bi. Ghati. "Mama, basi la Mzee Nurudini linaondoka sasa hivi. Utalala Kasulu, na kesho ndege iko pale. Tiketi ni hiyohiyo."

Tuliangalia sakafu. Bi. Shadia aliitazama ndege ikipaa juu ya migomba bila yeye, akaanza kucheka hadi akashika meza. "Kituo kinachoninyima kiti mimi," alisema, "nitakifungaje?" Tulishangilia mpaka mbuzi wakakimbia bila kufukuzwa. Bi. Ghati aligeukia ukuta akafuta macho kwa kanga, kisha akamkatia Mkurugenzi tiketi.

Leo Kibondo ina safari nne kwa wiki. Mwezi uliopita tulisaini ushirikiano na kampuni kubwa ya Dar es Salaam, na msafiri wa Kitahana sasa anaweza kukabidhi begi lake hapa akalikute nje ya nchi. Mazungumzo ya ushirikiano huo yaliongozwa na Bi. Ghati, nasi tulisikia kila neno la simu kupitia ukutani. Bw. Japhet anachukua nafasi yake kuanzia Julai, kwa pendekezo la Bi. Ghati mwenyewe.

Anabaki hukuhuku. Amenunua shamba Kitahana na kutundika mizinga ya nyuki, na majirani wanasema nyuki hao wameshaanza kumtii. Lakini kwanza atakwenda Tarime kuwaona wajukuu, kwa tiketi tuliyoichangia sote.

Bi. Ghati, ahsante kwa kutufanya watu wa kampuni moja. Jumanne ya safari yako hutapima mzigo wa mtu yeyote. Panda, funga mkanda, tuachie kazi. Afya iwe nawe, asali ijae mizinga, na miaka yako ya mapumziko iwe mingi na yenye kicheko.

Aneth Ruhwanya
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Kibondo na Kasulu