Moshi Baada ya Injini Kunyamaza

Aliyeyasimulia haya kwanza ni shangazi muuza kahawa, Jumapili ya pili baada ya tukio. Benchi lake lilitazamana na lango la karakana ya meli. Asubuhi ile meli ilirudi kutoka kwenye majaribio, ikafungwa gatini, injini ikanyamaza. Mpwawe, Fundi Bomba, alikaa benchini na gurisi hadi kwenye nyusi. Miezi mitatu alikuwa akifunga mabomba ya maji ndani ya dohani, bomba kuu la kutolea moshi, ili joto la moshi lililokuwa likipotea lichemshe maji, mvuke uzungushe jenereta, mafuta yapungue. Kaka yake, fundi wa injini, alibaki melini.

— Umeiibia meli pumzi, alisema kinyozi, waliyemwita Profesa. Haba na haba hujaza kibaba. Ukichota joto haba na haba, moshi utashindwa kupanda, utawashukia mabaharia.

— Joto lile lilikuwa linawapasha kunguru tu, Profesa.

— Itapata mafua! alidakia Nahodha Nchi Kavu, mpakiaji ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi. Chuma kilichozoea joto ukikipoza, kinajikunja. Safari ijayo itarudi fupi.

— Fupi kwa mita ngapi?

— Maji yakimwagika hayazoleki, bwana. Usiniulize mita.

— Mwacheni anywe, shangazi aliwakemea.

Fundi hakucheka. Tangu injini inyamaze kulikuwa na jambo linamtekenya kichwani, halikamatiki.

Mke wa kaka yake akafika na bakuli la mumewe. Hakukaa. Alikuwa akitazama juu ya paa la karakana.

— Shemeji, injini si imezimwa?

— Nusu saa sasa.

— Mbona dohani bado inafuka?

Profesa na Nahodha wakageuka kutazama paa. 

Hapo Fundi akalikamata lile jambo. Masizi yaliyoganda kwenye mabomba huweza kushika moto polepole. Ndiyo maana pampu ya maji huachwa ikizunguka, iyapoze mabomba, saa nyingi baada ya injini kulala. Alimwonyesha kaka yake kila koki, hilo la pampu akalisahau. Nao walilelewa na baba aliyewachapa kwa taa iliyoachwa ikiwaka: ukimaliza, zima. Kaka atakuwa ameizima pampu. Na kwa alivyo, sasa yuko juu anafungua mlango wa dohani akague kazi ya mdogo wake. Moto ukipata hewa, utamrukia usoni.

Kikombe kilianguka. Fundi alipita langoni akipiga kelele:

— Kaka, usifungue! Washa pampu! Usifungue!

Benchini hawakusikia kingine. Shemeji mtu alisimama na bakuli lake. Hakuna aliyemwambia akae. Kahawa ilipoa. Baadaye sana moshi ukakonda, ukakatika.

Mlango ule ulikuwa na nati sita. Fundi alipofika, nne zilikuwa zimeshatoka.

Shangazi amefariki, na Profesa naye. Nahodha yu hai, bado hajapanda chombo chochote. Fundi na shemeji yake wako hai. Kaka mtu yu hai. Akitoka nyumbani huacha taa ya ukumbini ikiwaka, na hakuna anayeigusa.