Bi. Gunnvor na Haidrojeni ya Tatu

Tarehe 20 Juni, baada ya miaka thelathini na saba ya kufundisha kemia katika Shule ya Sekondari ya Bjørkelia, Bi. Gunnvor Tveitane anastaafu. Amekataa saa ya ukutani. Amekataa na hotuba ya meya. Kuhusu makala haya hakuulizwa, ndiyo maana mnayasoma.

"Anhidridi ni asidi iliyonyang'anywa maji," alizoea kuwaambia wanafunzi, huku akidondoshea maji unga mweupe wa oksaidi ya fosforasi hadi ukazomea kama paka. "Irudishieni maji yake, muone meno." Mimi ninayefundisha fizikia chumba cha pili, nikiusikia mlio ule ndipo hujua mwaka wa shule umeanza.

Lakini tutakayosimulia zaidi ni yale ya 1996. Mtihani wa taifa uliuliza asidi ya fosforasi huachia haidrojeni ngapi inapokutana na besi. Fomula yake inazo tatu. Wanafunzi wa Gunnvor waliandika mbili, kwa kuwa ya tatu imeshikwa na fosforasi yenyewe na haitoki. Mwongozo wa wasahihishaji ulisema tatu. Oddny Rysstad, binti wa mfugaji kondoo, akakosa nafasi ya kusomea udaktari kwa sababu ya swali hilo moja.

Halvard, mkuu wa shule wa wakati ule, alimsihi. "Gunnvor, ni alama mbili tu. Achana nazo."

"Na jibu ni mbili, Halvard. Siachi."

Kamati ya mtihani ikajibu kwamba mwongozo haubadilishwi. Gunnvor akaviringisha vyombo vya maabara ndani ya sweta za sufu, akamchukua Oddny, wakapanda treni kwenda Oslo.

"Mama, hii ni ofisi, si maabara," mwenyekiti alimwambia.

"Sinki mnayo?"

Walikuwa nayo, kwenye chumba cha kahawa. Pale pale, kando ya sahani ya mkate na jibini ya kahawia, Oddny alipanga chupa mbili: moja ya asidi ya fosforasi, nyingine ya binamu yake, asidi ya fosforiki, ambayo kweli huachia haidrojeni tatu. Akazitia kiashiria, dawa inayogeuka waridi asidi inapoishiwa nguvu, kisha akazidondoshea magadi makali, ambayo ni besi, hadi zote zikawa waridi. Mwenyekiti akacheka: "Si mnaona? Ziko sawa!"

"Subiri, bwana mkubwa," Gunnvor akasema. "Ile ya tatu ni mvivu, hutoka kwa kuvutwa."

Oddny akatia chumvi ya kalsiamu kwenye chupa zote mbili. Fosforiki ikapoteza rangi, maana haidrojeni yake ya tatu ilitoka mafichoni. Fosforasi ikabaki waridi. Mwenyekiti akaitikisa chupa, akaitikisa tena. Rangi ikagoma kufutika.

"Lo! Ni mbili," akanong'ona.

"Ndivyo nilivyokuandikia."

Alama zilirekebishwa nchi nzima. Leo Dkt. Oddny ndiye anayetupima shinikizo la damu, na Gunnvor ndiye anayetupandishia.

Hata majira haya ya kuchipua, halmashauri ilipotaka kufunga maabara na kutuletea video, alisimama mkutanini akasema: "Video hainuki. Kemia isiyonuka kafundisheni wenyewe." Maabara iko wazi, na mwalimu mpya ameajiriwa.

Asante, Gunnvor, kwa ukali wako na kwa kutufundisha kutokuomba radhi tunapokuwa sahihi. Tunakuombea afya, theluji nzuri ya kuteleza na siku ndefu za raha. Pumzika vyema, ila ukikuta kosa lililopigwa muhuri, tafadhali, usipumzike.