Mkuyu wa Mwalimu Absalom Usipandwe

Mchungaji, wazee wa ukoo, walimu, majirani mliotoka Kitale na wenyeji wetu wa hapa Myanga, kabla familia haijawasomea maisha ya mpendwa wetu inaomba jambo moja, nalo ni kwamba mti ulio mezani kando ya jeneza usiguswe, usimwagiwe soda, wala usipandwe, ingawa ratiba mliyopewa langoni inasema utapandwa kaburini baada ya maziko, na ingawa kaka wa marehemu, Mzee Makokha, ameshachimba shimo, tena shimo zuri, na jembe bado analo mkononi. Sababu mtaisikia.

Marehemu Mwalimu Absalom Wanyonyi alizaliwa hapa Myanga tarehe 9 Aprili 1955, akiwa mtoto wa pili na kitinda mimba, akamfuata Makokha kwa kila jambo isipokuwa kimo, kwani Makokha alirefuka kama mahindi ya mbolea, naye Absalom akatosheka na alichopewa. Alianza shule ya msingi mwaka 1963, akasoma sekondari mjini Bungoma, akahitimu ualimu mwaka 1978, na Januari 1979 akaanza kufundisha Jiografia huko Kitale hadi alipostaafu Aprili 2015, na wanafunzi wake mlio hapa, hata wale aliowachapa, mnakumbuka kwamba methali yake ilikuwa moja tu, samaki mkunje angali mbichi.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa takatifu na Wilkista Nasambu, fundi wa cherehani, wakajaliwa Joy mwaka 1986 na Derrick mwaka 1990, na mwaka 1996 akaja wa tatu, ambaye ndiye huyu mezani. Mwalimu alikuwa ameona bonsai kwenye maonyesho ya kilimo ya Kitale, akaambiwa kwamba huo ni mti wa kawaida kabisa, hauna mbegu ya kibeti, ila hukuzwa chomboni na kupunguzwa mizizi na matawi mpaka uonekane mkongwe wa msituni ilhali haujafika magotini, basi akaung'oa mche wa mkuyu kwenye ufa wa ukuta wa ghala kuukuu kule Saboti, akaja nao nyumbani mfukoni. Mama Joy alimwuliza kama watoto wawili hawamtoshi kuwasumbua, na mkasi wake wa vitambaa ulipozidi kutoweka, aliacha kuuliza, akaufunga kwenye cherehani kwa mnyororo wa mbwa.

Mwaka 1998 Mwalimu aliupeleka mti kwenye maonyesho ukiwa ndani ya sufuria, na jaji, Bwana Gathii, ambaye leo yuko nasi, akamwambia kwa upole, "Mwalimu, huu ni mche tu umekosa shamba." Aliporudi mwaka 2001 shina lilikuwa limenenepa na chungu kilikuwa kipana na kifupi kama sinia, lakini waya wa kukunjia matawi ulikuwa umezama ndani ya gome, akaanguka tena, na yeye aliyewafelisha watoto wa watu miaka yote bila huruma hakula chakula cha jioni. Alipouliza mti wake utakuwa bonsai wa kweli lini, Bwana Gathii alimjibu kwamba ni siku mtazamaji atakapoona mti na asione mkasi, na kwamba hata siku hiyo kazi haitakwisha, kwa sababu akiacha kuukata, uwe na umri gani, utarudi kuwa mkuyu.

Novemba 2004 Mwalimu alikwenda Nairobi kusahihisha mitihani ya taifa, na Mzee Makokha, aliyekuja Kitale kusaidia kuvuna mahindi, akauona mti, moyo ukamwuma, akasema, "Ati miaka nane na haujafika hata kwa magoti? Bana, huyu ni mtoto ananyimwa chakula," akakata waya, akaupanda nyuma ya zizi na kuujazia samadi. Mwalimu aliporudi alikuta matawi yameruka kila upande, majani mapana kama sahani, na kaka yake amesimama hapo akisubiri kushukuriwa. Aliung'oa, akaurudisha chunguni, akaanza kukata upya. Ndugu hao hawakusalimiana mpaka Krismasi ya 2006, Mama Joy alipowapatanisha kwa jogoo, na hata jogoo hajaisha Mzee Makokha akauliza, "Sasa huyo samaki umemkunja miaka kumi, si ataliwa lini?"

Mwaka 2019 Bwana Gathii aliuzunguka mti, akaupa nafasi ya kwanza, na cheti kikatundikwa juu ya picha ya harusi, na ikahitajika kikao cha wazee kabla hakijashushwa.

Figo zilianza kumsumbua Mwalimu mwaka 2023, akalazwa Kitale tarehe 2 Machi 2025, na akatutoka alfajiri ya tarehe 14 Machi. Siku mbili kabla, alimwuliza Mama Joy ni nani anaukata mti, naye akakiri kwamba ni yeye, kwa mkasi ule ule wa mnyororo, na Mwalimu akacheka mpaka muuguzi akaja, kisha akasema, "Nikienda, mpe Makokha." Mama Joy alidhani ni homa. "Makokha? Si huyo ndiye alitaka kuuua?" Mwalimu akajibu, "Wengine watauangalia tu. Yeye peke yake ndiye aliuonea huruma, na mkasi bila huruma ni panga."

Mzee Makokha hakuwa ameambiwa hadi dakika hii, maana Mama Joy alitaka asikie mbele ya mashahidi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kitale waliopika na kukesha, walimu wenzake, na Bwana Gathii, aliyekubali kumfundisha mwanafunzi mpya mwenye umri wa miaka sabini na mitatu. Shimo lisifukiwe, tutapanda parachichi. Mama Joy atakuwa akija hapa Myanga kila mwezi kukagua, na mkasi ameuleta, mnyororo ameuacha nyumbani.

Mzee wetu, tunaona machozi yako, nasi pia tunalia. Weka jembe chini, njoo uuchukue mti wa ndugu yako.

Mwalimu Absalom, pumzika kwa amani. Mkuyu wako hautarefuka.