Marehemu Blia Khang, Aliyengoja Mwaka Mpya Nyumbani

Marehemu Mama Blia Khang alizaliwa katika kijiji cha mlimani karibu na Nong Het, Laos. Kadi yake inasema tarehe 1 Januari 1947, lakini hiyo ni tarehe ya makarani wa kambini, walioona rahisi kuwazaa wakimbizi wote siku moja. Mama yake alimwambia alizaliwa mpunga ukivunwa, na yeye alimwamini mama yake.

Shule hakuiona. Alipofika Wausau, Wisconsin, mwaka 1981, alisoma darasa la Kiingereza msimu mmoja wa baridi, akaacha. Alisema mwalimu alikazana kumfundisha kuagiza kahawa, na yeye kahawa hakunywa.

Aliolewa na marehemu Nhia Pao Thao mwaka 1965. Walikutana kwenye sherehe za mwaka mpya wetu, ule wa baada ya mavuno, wakirushiana mpira wa kitambaa, ambapo anayeudondosha hutozwa wimbo. Nhia Pao aliudondosha makusudi, na sauti yake ilikuwa mbaya mno, hata wasichana wenzake Blia wakamsihi amkubali ili kijana anyamaze. Walijaliwa watoto watatu. Mwaka 1979 walikimbia nchi yao, wakauvuka mto Mekong, wakaishi kambi ya wakimbizi ya Ban Vinai ng'ambo ya pili, kisha wakaletwa huku.

Hapa Wausau alipalilia mashamba ya watu, halafu akalima matango na mboga zake mwenyewe, akiziuza sokoni kila Jumamosi.

Mzee Nhia Pao alifariki mwaka 2009, na hapo ndipo Mama alipoanza kuchoka moyo. Kila mwaka mpya wazee waliotangulia kufa huitwa nyumbani kwa majina waje wale kwanza, na anayewaita ni mwanamume wa ukoo. Mjane haruhusiwi. Binti yake mkubwa, Kabao, anayeusoma wasifu huu, anayajua maneno yote kwa moyo, lakini ameolewa kwa akina Vue, hivyo naye haruhusiwi. Alibaki mtoto mmoja wa kiume, Tou Ger, mwenyekiti wa kamati ya tamasha letu la mwaka mpya, linalofanyika ukumbini wakati wa Sikukuu ya Kushukuru ya Wamarekani, mwishoni mwa Novemba. Tou Ger alikuwa akitoka alfajiri, kabla ya kuwaita wazee, kwenda kufungua milango ya ukumbi, apange meza za saladi ya papai na soseji, awahutubie wageni juu ya kulinda mila. Nyumbani kuku alipoa, wali ukakauka, na Mama alikaa na njaa, kwa sababu hakuweza kuwatangulia wazee kula.

Mwaka 2014 uvumilivu ulimwisha. Alivaa mkufu wake wa fedha, akaomba lifti kwa jirani, akapita katikati ya ukumbi hadi jukwaani, mwanawe akiwa na kipaza sauti mkononi.

"Baba yako hana tiketi ya kuingia humu," alimwambia. "Twende nyumbani."

"Mama, watu wote hawa wananingoja mimi."

"Hawa wameshakula."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Tou Ger naye alicheka, akamfungia Mama sahani ya chakula na kumrudisha kwa gari la kamati. Sahani ile hakuigusa. Lile lilituuma, na linatuuma hadi leo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019, akawa anasafishwa damu hospitalini. Mwezi uliopita Tou Ger alimshika mkono akamwahidi kwamba mwaka huu angeanzia nyumbani.

"Wimbo huo nimeusikia tangu baba yako afe," Mama alimjibu. "Nenda kapumzike, mwanangu, umechoka."

Alifariki Jumatano, tarehe 2 Novemba 2022, watoto wake wote wakiwa kando yake.

Ameacha mwana mmoja, Tou Ger. Mabinti wawili, Kabao na Mai See. Na wajukuu tisa. Kwa ombi la kamati, tunawatangazia kwamba tamasha litafunguliwa Jumamosi, tarehe 26, saa tatu asubuhi, na wote mnakaribishwa. Asubuhi hiyo hiyo, nyumbani, jina la Mama litakuwa miongoni mwa majina ya kuitwa, na wa kuliita ni mmoja tu.

Tou Ger, safari hii ukichelewa, anayelala njaa ni yeye.

Apumzike kwa amani, akiwa ameshiba.